Swali la Mama wa Ruiru

Tulipomaliza darsa msikitini Thika, mama mmoja wa Ruiru alitungoja mlangoni. Bintiye ametimu miaka 10: je, apewe chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, ama ni kumfungulia njia ya zinaa? Tuliona haya, tukamwambia asubiri.

Usiku hatukulala. Bibi Aisha aliwasifu wanawake wa Kiansari kwamba haya haikuwazuia kujifunza dini. Sisi tulimzuia huyu. Kirusi cha HPV humfikia hata mke aliyejihifadhi, kupitia mumewe. Na chanjo hii, iliyozinduliwa Mombasa Oktoba 2019, hufaa zaidi kabla msichana hajaolewa.

Asubuhi tulimpigia mumewe simu, tukaomba kusema naye.

“Dada yangu, mpeleke.”

Akauliza kama naye akapimwe. Tukamwambia aende.