Kamba ya Paka Wetu

Majirani walipotuona mara ya kwanza tukitembea na paka aliyefungwa kamba, walicheka sana. Mzee mmoja, ambaye nyumba yake iko juu ya yetu mlimani, alituuliza: «Jamaa, siku hizi mnachunga paka kama mbuzi?» Tulicheka pamoja naye, kwa maana hata sisi zamani tungalicheka. Lakini, wasomaji wapenzi, kamba hiyo ina habari yake, nasi tunapenda kuwasimulia.

Twakaa Bukavu, kwenye mteremko, kando ya barabara ambamo pikipiki hupita usiku na mchana. Paka wetu wa kwanza alikuwa mlinzi mwema wa unga na maharage. Tangu alipoingia nyumbani, panya walihama. Asubuhi moja alivuka barabara, wala hakufika ng'ambo. Binti yetu ndiye aliyemwokota. Tulimzika chini ya mgomba, kisha mtoto akatuuliza: «Baba, Mama, kwa nini hatukumchunga?» Hatukuwa na jibu.

Tulipopewa paka wa pili, tulimfungia ndani. Lakini alikaa dirishani akilia, akakwaruza mlango mchana kutwa. Basi tukamfunga kamba shingoni, tukamtoa uani. Hilo lilikuwa kosa kubwa. Mbwa alibweka, paka akaruka, kamba ikamkaba. Nasi, badala ya kumsogelea kwa upole, tulimvuta kwa hasira. Akarudi kinyumenyume, akachomoa kichwa, akatoweka. Siku mbili binti yetu hakutaka kula. Kila jioni, baada ya rozari, aliomba paka wake arudi. Siku ya tatu alirudi, sikio limepasuka. Tulifurahi, lakini tuliona haya mbele ya mtoto.

Ndipo tulipokwenda kwa mganga wa mifugo. Kwanza alimdunga chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa sababu ugonjwa huo humshika paka pia, naye akimwuma mtu aweza kumwambukiza mauti. Kisha alitufundisha kwamba mifupa ya mabega ya paka haikukazwa kama yetu. Kwa hiyo mahali pakipita kichwa, mwili wote hufuata. Kamba ya shingo humnyonga, au humwachia. Yafaa mikanda miwili, mmoja wa shingo na mmoja wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, iliyounganishwa. Na pete ya kamba ikae mgongoni. Fundi cherehani alitushonea ya kitambaa kigumu. Kipimo chake ni hiki: kati ya mkanda na manyoya kipite kidole kimoja au viwili, si zaidi.

Hatukutoka siku ile. Tulimwachia mikanda ainuse, tukamvika wakati wa chakula kwa dakika chache, kila siku tukiongeza kidogo. Mwanzoni alilala chini kama mgonjwa, akakataa kutembea, tulingoja. Alipozoea mikanda, tuliongeza kamba humo humo nyumbani. Baada ya majuma kadhaa tulimbeba mikononi hadi uani, saa ya asubuhi palipo kimya. Twambeba mlangoni kusudi asijifunze kuponyoka kila mlango unapofunguliwa. Hatumvuti: yeye hutangulia, sisi twafuata. Akiogopa, twamrudisha ndani. Wala hatumfungi mtini na kumwacha peke yake, maana aweza kuruka ukuta akaning'inia, au mbwa wakamkuta hana pa kukimbilia. Turudipo twamkagua manyoya, tukitafuta kupe na viroboto.

Labda msomaji atasema: «Kazi nyingi namna hii kwa paka tu?» Lakini Kitabu cha Methali, sura ya 12, chahesabu utunzaji wa mnyama kuwa alama ya mtu mwenye haki. Tena sisi tumejifunza jambo lingine. Kamba ina ncha mbili: imfungapo paka, yamfunga na mwenye kuishika. Yamlazimisha kusimama paka anaposimama, kuzuia hasira yake, na kukumbuka kwamba aliye mdogo hutetemeka mahali ambapo mkubwa haoni hatari.

Wazazi wenzetu, mara ngapi tumewafungia watoto wetu mlango kwa hofu, au tumewavuta kwa ukali hata wakachomoa kichwa na kukimbia? Na mara ngapi tumewaacha barabarani, tukisema watajifunza wenyewe? Malezi hayako katika mlango uliofungwa, wala katika mlango ulioachwa wazi. Yako katika mkono ushikao bila kukaba.

Leo binti yetu ndiye ashikaye kamba. Na yule mzee wa juu alikuja juzi, akakohoa kidogo, akatuuliza nyumba ya fundi.