Siku za Kujitia Hamnazo

Bibi yetu wa Ngamiani, Tanga, hakuwa na subira na neno kujifanya. Aliliona neno la mtu mvivu. Ukimwendea mbio kumshtakia kwamba kaka anajifanya mgonjwa, hainui uso kwenye ungo wake wa mchele. "Anajigonjweza," atakusahihisha, kisha aendelee kuchambua. Ukimwambia mtoto wa jirani anaitwa na anajifanya hasikii, atasema huyo anajipurukusha. Kila aina ya kujisingizia ilikuwa na jina lake, naye aliyajua yote kama alivyojua majina ya samaki wa Bahari ya Hindi.

Huko kujigonjweza kulikuwa na siku zake. Baada ya mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa sera ya Elimu ya Kujitegemea, shule zetu zilikuwa na mashamba, na siku ya shamba kila mtoto alitakiwa afike na jembe lake kabla jua halijapanda. Alfajiri hiyo kaka yangu alikuwa hajiwezi. Kajifunga kitambaa kichwani, kajikunyata kwenye mkeka, na kwapani kabana kitunguu maji, kwa sababu wakubwa shuleni walikuwa wamemwambia kwamba kitunguu hupandisha joto la mwili. Bibi akaja, akamgusa shingo, akavuta pumzi kidogo. "Pole mume wangu," akamwambia, maana wajukuu wa kiume wote tulikuwa waume zake. "Homa ya siku hizi inanuka kachumbari." Akatoka uani, akachemsha majani ya mwarobaini, akarudi na kikombe kimejaa mpaka ukingoni. Nakuapia, kile kikombe hakijafika mdomoni kaka alikuwa keshasimama na jembe begani. Bibi hakumchapa. Alimfunikia viazi vyake mpaka aliporudi.

Kulikuwa pia na kujisingizia tulikofundishwa nyumbani, tena kwa ukali. Kabla ya kwenda kwa watu, mama alitupanga mstari: mkikaribishwa chakula, semeni mmeshiba. Basi tunafika, jikoni kunanukia samaki wa nazi, mate yanatujaa, na shangazi anatuuliza kama tutakula. "Tumeshiba, ahsante," tunajibu kwa pamoja. Shangazi alijua hatujashiba. Mama alijua kwamba shangazi anajua. Lakini ilibidi tukatae mara ya kwanza, tukatae tena kwa sauti ndogo zaidi, ndipo tuvutwe mkono na kukalishwa mkekani. Mimi sijapata kuuona huo kuwa uongo. Ule ulikuwa muda anaopewa mwenye nyumba, achungulie sufuria yake na kuona kama inatosha, bila kuaibika mbele ya watoto.

Tuliyaelewa hayo vizuri zaidi ilipokuja miaka ya njaa, tukawa tunakula ugali wa Yanga, ule wa mahindi ya njano yaliyoletwa kwa meli. Usiku mmoja aliingia mgeni kutoka Pangani, hakuna aliyemtarajia. Mama akampakulia kilichokuwapo, akamwambia sisi tumeshakula zamani. Sisi tukatolewa barazani, kila mmoja na kijiti, tuchokonoe meno. Mgeni akala nusu, akasukuma sahani, akasema ameshiba mno na nusu iliyobaki wapewe watoto, watoto hawakosi nafasi. Watu wazima wawili, kila mmoja akimstahi mwenzake, na hakuna aliyemfumania mwenziwe. Siku hizi vijana wana msemo wao, kufa na tai shingoni, na wanausema kwa kucheka. Ningependa wangemwona yule mgeni alivyoisukuma ile sahani.

Kujisingizia kwa madukani hakukuwa na utamu huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, sukari na sabuni vilipoadimika, ulikuta mwenye duka kakukazia macho anakwambia sukari hamna, na mizani yake bado ina chembe nyeupe. Msako wa wahujumu uchumi ulipoanza mwaka 1983, baadhi ya hao waliosema hamna ndio waliokutwa nazo. Nayapita haraka hayo.

Turudi Tanga, kwenye taarabu. Mji wetu ulikuwa na Black Star na Lucky Star, na sauti ya mwimbaji Shakila ikipanda, hata wauza kahawa nje walishika vikombe vyao visigongane. Ukumbi umejaa udi na asumini, kanga zinang'aa. Unafika ubeti unaomhusu mtu. Mwanamke anainuka, anatembea pole pole na noti yake, anaipunga hewani, anamtunza mwimbaji, na wakati wa kurudi anapitia mbele ya kiti cha yule aliyekusudiwa. Sasa mwangalie huyo aliyekusudiwa. Anatengeneza ushungi ambao haukuharibika. Anamwinamia jirani yake amuulize bei ya tui. Anaangalia dari. Huko ndiko kujitia hamnazo, na kuna tofauti kubwa na kujipurukusha. Mwenye kujipurukusha analipuuza jambo, analipita juu juu. Mwenye kujitia hamnazo analisikia lote, neno kwa neno, pengine kuliko ukumbi mzima, na nguvu zake zote anazitumia kuuzuia uso usiseme kitu. Wanawake wa mtaani kwetu walikuwa mabingwa. Ungeweza kukaa karibu na mmoja wao usiku kucha usijue kama ameungua moyo.

Neno ninalolikumbuka kwa heshima zaidi ni kujitoa kimasomaso. Jirani yetu mmoja aliletewa mke mwenza. Siku ya harusi watu walitegemea angejifungia ndani. Akaja. Kavaa kanga mpya, kajipaka wanja, kashika pembe ya vugo na kijiti chake, akaigonga kwa nguvu kuliko wote. Sisi watoto tukamwuliza bibi, mbona anafurahi? Bibi akajibu taratibu, "Hafurahi. Anajitoa kimasomaso. Mpisheni acheze." Aliuondolea mtaa mzima umbeya kwa ngoma moja, na kesho yake hakuna aliyepata la kusema kisimani.

Nilipohamia Dar es Salaam nilikuta maneno mengine, mafupi, ya haraka kama mji wenyewe. Ndani ya yale mabasi marefu ya Ikarus, konda akikaribia, abiria alifumba macho na kuanza kukoroma, na wenzake wakanong'ona, "Anavunga." Aliyepita dukani mara tatu kwa ajili ya binti wa muuzaji alikuwa anazuga. Aliyeulizwa deni akanyamaza, kauchuna. Niliyapenda, bado nayapenda. Yana ujanja na yana uhai.

Juzi mjukuu wangu wa kike alikuwa analalamika kuhusu rafiki yake. Kamwandikia ujumbe, rafiki kausoma, alama za bluu zimeonekana, na jibu hakuna. "Babu, kajizima data," akaniambia. Nikamwuliza kajizima vipi: kajipurukusha, au kajitia hamnazo? Akaniangalia, akacheka, akasema yote ni yale yale. Nikamweleza habari ya ushungi na bei ya tui. Akasikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza, "Sasa mimi nitajuaje, na sura yake siioni?"

Sikuwa na la kumjibu. Bibi alisoma mabega, alisoma namna mtu alivyokunja kanga, alinusa hata kwapa la mgonjwa. Watu tuliishi tumetazamana, baraza kwa baraza, ndiyo maana tulihitaji maneno yote hayo. Mjukuu wangu amepewa alama mbili tu za bluu. Hata hivyo neno kujigonjweza amelishika. Amesema kuna mwenzake kazini linamfaa sana, atalianza kwake Jumatatu.