Wastani Hauvunji Chuma

Bandika sufuria ya maji jikoni, funika, subiri yachemke. Mfuniko utaanza kucheza: mvuke unaunyanyua, unapata upenyo, unatoka, mfuniko unaanguka, kisha unanyanyuliwa tena. Sasa kokotoa wastani wa mahali ulipokuwa mfuniko huo kwa dakika nzima. Utaambiwa kwamba umeinuka kidogo na umetulia. Kihesabu jibu ni sahihi, ila kelele yote ya jikoni imepotea.

Shahada yangu ya uzamili imekuwa ugomvi na jibu la namna hiyo. Ninaiga kwa kompyuta mvuke unavyopita kwenye valvu ya tabaini, ule mtambo wa mapanga unaozungusha jenereta. Ni valvu ya mvuke wa jotoardhi, kama ule wa Olkaria, karibu na Naivasha, ambako mtambo wa kwanza wa megawati 15 ulianza kazi mwaka 1981.

Ikifunguka yote, valvu ni mpole. Taabu iko pale inapofunguliwa kidogo, mtambo unapowashwa au unapopunguziwa mzigo. Mvuke unabanwa kwenye mwanya mwembamba kati ya kichwa cha valvu na kiti chake, unafikia kasi ya sauti, ambayo ndani ya mvuke wa aina hiyo ni karibu mita 500 kwa sekunde, kisha unatokea upande wa pili kama pete ya mkondo mkali. Mkondo huo haujui ukae wapi. Mara unang'ang'ania ukuta wa kiti, mara unabanduka na kukifuata kichwa, mara nusu yake inafanya hivi na nusu nyingine vile. Kila unapohama, kanieneo kuzunguka kichwa inabadilika na fimbo inayokishikilia inasukumwa kando. Msukumo mmoja si kitu. Lakini misukumo ikifuatana kwa mwendo uleule ambao fimbo yenyewe hupenda kutetemeka, inakuwa kama mtoto kwenye bembea anayesukumwa kila anaporudi. Chuma kinachoka. Ufa unaanza mahali ambapo hakuna anayeuona.

Na fimbo hiyo ndiyo inayoufungia mvuke njia. Kwenye gridi ya hezi 50, tabaini nyingi huzunguka mara 3,000 kwa dakika. Mzigo ukitoweka ghafla na valvu zisifunge, kasi inapanda ndani ya sekunde chache. Februari 2011, katika kituo cha Duvha, Afrika Kusini, tabaini ilizidi kasi wakati wa jaribio na kusambaratika. Sisemi kwamba mtetemo ninaouchunguza ndio uliofanya hivyo. Nataka tu ieleweke kwamba valvu si kifaa cha pembeni.

Msimamizi wangu, mtu ninayemheshimu, angependa nitumie njia ya wastani. Usiku mmoja wa kompyuta, picha nzuri yenye rangi, tasnifu imekwisha. Nilifanya hivyo pia. Picha ilitoka imetulia kama maji mtungini, mkondo umegawanyika sawasawa kila upande, na sikuamini hata kidogo.

Kuiga mvuke jinsi unavyobadilika kila wakati ni gharama nyingine kabisa. Vijisanduku vyangu vya hesabu vina upana wa robo milimita pale kwenye mwanya. Mvuke unakipita kimoja kwa nusu ya mikrosekunde, na hesabu haipaswi kuruka hatua ndefu kuliko hiyo. Sehemu moja ya kumi ya sekunde ni hatua 200,000. Kila hatua inanichukua sekunde sita. Piga hesabu: siku 14 mfululizo, umeme usipokatika. Umeme umekatika mara tatu. (Ndiyo, nimeiona kejeli yake.) Na hapo fimbo yangu bado imekaa kimya ndani ya hesabu, kuiacha itikisike na kuusumbua mvuke nayo ni kazi ya mtu mwenye kompyuta kubwa kuliko yangu.

Kilichonipa ukaidi ni mazungumzo na mzee mmoja aliyestaafu uendeshaji wa mitambo ya mvuke. Nilimwonyesha picha ya wastani. Aliitazama kwa adabu, kisha akasema, "Presha si shida, mwanangu. Iko pale kwenye robo hivi, valvu inalia. Hapo hatukai. Tunapita haraka."

Nikamuuliza kama imeandikwa mahali.

"Iandikwe ya nini? Si unaisikia?"

Wenzake wengi wamestaafu. Vijana wanaowafuata wanakaa kwenye chumba cha udhibiti chenye vioo vinene na viyoyozi, mbali na valvu yenyewe. Sioni ni nani atakayeisikia.

Kwenye ufunguzi wa karibu robo, mkondo wangu umeanza kuyumba. Umekwenda na kurudi mara nne, pengine tano, na mara tano hazitoshi kuitwa mwendo maalumu mbele ya jopo la watahini. Wiki iliyopita mzee alinipigia. "Imelia?"

"Imeanza kuyumba, mzee. Kulia bado."

"Basi usiizime."

Tarehe ya kuwasilisha ni mwisho wa mwezi, na muhula wa ziada una ada yake. Nimemwandikia msimamizi kuomba muda; hajajibu. Asubuhi hii hesabu ilikuwa kwenye hatua ya 131,000.