Nukta Niliyoisogeza

Nilifundisha Kiswahili miaka mingi kabla ya kustaafu na kurudi nyumbani Kahe. Nikiona nukta imeachana na neno lake, mkono huniwasha. Tabia hiyo ndiyo iliyoniponza.

Mpwa wangu hutengeneza programu. Alikuwa ameunda moja ya kupanga zamu za maji ya mifereji, akaandika mwongozo ili wenzake walioko Dar es Salaam waijenge katika kontena la Docker, yaani waifungashe pamoja na kila inachohitaji ili ifanye kazi vilevile kwenye kompyuta yoyote. Akaniomba, "Mjomba, nisomee Kiswahili chake tu." Hilo "tu" sikulisikia.

Nikauhamishia mwongozo kwenye programu ninayoandikia barua, nikaanza kunyoosha. Mstari mmoja ulisomeka hivi:

docker build --no-cache -t zamu .

"Zamu" nikaipa herufi kubwa, kwa kuwa ni jina. Vistari viwili kompyuta yenyewe ikaviunganisha kuwa kimoja kirefu, nikaona vimependeza. Nukta iliyojitenga mwishoni nikaisogeza ikagusana na neno. Nikaurudisha mwongozo nikijipongeza.

Kesho yake simu ikaita tukiwa barazani. Amri ilikuwa inagoma. Vijana wamehangaika asubuhi nzima, bando limeisha, na lawama zote zinamwangukia mpwa wangu: ametuma kitu asichokijaribu. Nilisikia kila neno. Nikainywa chai yangu kimya.

Siku mbili nikamtazama akipekua faili zake, akitafuta kosa mahali lisipokuwapo. Siku ya tatu nikamwambia ukweli.

Hakunigombeza. Alinieleza taratibu kwamba Docker haikubali herufi kubwa katika jina la namna ile, na kwamba vistari viwili ndivyo vinavyotambulisha chaguo la amri. Kile kirefu haikijui. "Na ile nukta, Mjomba, si kituo. Ni neno. Inasema: faili zichukue hapa, kwenye folda hii."

Mtu wa Kahe nilipaswa kulielewa hilo upesi. Hapa ndipo tawi la reli kutoka Voi, lililojengwa na Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, lilipoungana na reli ya Tanga na Moshi. Kituo ni kidogo, lakini kifute kwenye ramani uone kama njia zile mbili zitakutana.

Niliwapigia simu wale vijana nikawaomba radhi mmoja mmoja. Siku hizi nasahihisha maelezo, amri sizigusi, na mwongozo hautoki kabla mpwa wangu hajaziendesha zote upya.

Walimu wenzangu, mkipewa maandishi ya fani msiyoijua, ulizeni kabla ya kushika kalamu nyekundu. Na mkishakosea, semeni siku hiyohiyo. Kosa la nukta lilirekebishwa kwa dakika moja. Zile siku mbili za kimya bado zinaniuma.