Rangi ya Chumba cha Shangazi

Leo nataka kuwapasha habari ya rangi ya nyumba. Najua wako watakaocheka. Watasema: "Barabara ni mbovu, kahawa haina bei, watu wengine hawalali kwa hofu, naye huyu anatuletea habari za rangi!" Mimi pia nilifikiri hivyo zamani. Nilidhani rangi ni jambo la wenye fedha wasio na kazi. Nilibadili mawazo siku ile rangi iliponitia aibu mbele ya shangazi yangu.

Mimi ninakaa Butembo, juu ya vilima. Kwetu asubuhi ni baridi, na mara nyingi ukungu hufunika bonde zima mpaka jua lipande. Nyumba yangu ni ya matofali ya kuchoma, yenye manjanja juu, kama nyumba nyingi za mji wetu. Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, alikuwa akikaa upande wa Oicha, kaskazini ya Beni. Huko ni chini kuliko kwetu, jua ni kali, nayo kakao hustawi sana. Yeye na mumewe walikuwa na shamba lao la kakao, na kwa shamba hilo walisomesha watoto.

Mnajua yaliyoipata nchi ile. Tangu Oktoba 2014 watu wengi wameuawa katika vijiji vya Beni, wengine wakiwa shambani na wengine vitandani mwao. Shangazi alivumilia miaka kadhaa. Alikimbia, akarudi, alikimbia tena, akarudi tena, kwa sababu kakao haimngoji mtu. Mwisho nyumba yake ikachomwa moto. Alitufikia akiwa na beseni moja, na kikwembe alichojifunga kiunoni.

Kwetu shangazi ni baba mwanamke. Basi nikaona si vema alale sebuleni pamoja na watoto. Tulikuwa na chumba kimoja cha kuweka magunia, chenye dirisha dogo. Nikatoa magunia, nikaziba nyufa kwa saruji, nikasema lazima nikipake rangi ili mzee wetu aone kwamba tumempokea kwa heshima.

Lakini rangi gani? Nilikuwa nimeona katika simu picha za nyumba za Ulaya. Kuta zao zilikuwa za kijivu, kila kitu kimetulia. Nikasema, hii ndiyo rangi ya watu wastaarabu. Nikaenda sokoni, nikanunua ndoo moja ya kijivu. Mke wangu aliniuliza: "Umemwuliza mwenyewe?" Nikamjibu: "Mgeni haulizwi, hupewa." Nikafanya kazi siku mbili, nikajisifu moyoni.

Shangazi alishukuru sana, wala hakusema neno baya. Lakini kila asubuhi alichukua kigoda chake akaketi nje karibu na jiko, akakaa huko mpaka usiku. Mvua ikinyesha, aliketi chini ya upenu. Nilidhani amezoea kukaa nje, kama watu wa shamba. Wiki tatu zikapita hivyo.

Jioni moja mtoto wetu wa pili, msichana wa miaka tisa, alimwuliza waziwazi, kama wafanyavyo watoto: "Bibi, kwa nini hupendi chumba chako?" Nami nilikuwa nyuma ya mlango, nikasikia jibu lake. Alisema: "Mjukuu wangu, chumba ni kizuri. Lakini nikifungua macho alfajiri naona kuta zile, na moyo wangu unaniambia kwamba bado niko kwetu, asubuhi ile baada ya moto. Ile ni rangi ya majivu."

Wasomaji, niliona haya sana. Neno lenyewe lilikuwa wazi mbele yangu, nami sikulisikia. Tukisema kijivu, tunasema nini kama si majivu? Tazameni jinsi lugha yetu ilivyotaja rangi. Kijani hutoka kwa jani. Kahawia hutoka kwa kahawa. Manjano ni bizari ile ya kupikia. Rangi ya zambarau ina jina la tunda, na rangi ya chungwa vilevile. Maana yake ni kwamba wazee waliotuachia maneno haya walitazama shambani, jikoni na mitini, wakachukua rangi zao huko. Tena, mtu hawezi kuitenga rangi na kitu ilikotoka. Kwa tajiri wa Ulaya kijivu ni utulivu. Kwa mjane aliyechomewa nyumba, kijivu ni jivu.

Basi nikamwendea shangazi, nikaketi chini, nikamwuliza swali ambalo ningepaswa kuliuliza tangu mwanzo: "Mama, unapenda kuona nini unapoamka?" Alinyamaza kitambo. Kisha akaingia ndani, akaleta kile kikwembe alichokuja nacho, akakitandaza magotini. Mumewe alimnunulia Beni mwaka mmoja wa mavuno mema. Akanionyesha kwa kidole: "Hii hapa ni kakao iliyoanikwa. Hii ni ganda lake lililoiva. Na huu ni mstari wa majani." Kweli, nguo ile ilikuwa ya kahawia yenye wekundu ndani yake, ikiwa na maua makubwa ya manjano, na mistari myembamba ya kijani.

Hapo nilijifunza jambo la kwanza, ambalo ningependa kila nyumba ilijue. Mama zetu wana shule ya rangi ndani ya masanduku yao, wala hawailipii karo. Vikwembe tunavyovaa vimesafiri sana. Ufundi wa kuchora nguo kwa nta ulikuwa wa watu wa Java. Waholanzi wakauiga kwa mashine, na kiwanda chao cha Vlisco kule Helmond kipo tangu mwaka 1846. Siku hizi nguo nyingi za namna hii hutoka China, nao wafanyabiashara wa Butembo wanaijua njia ya huko. Lakini ziwe zimetoka wapi, aliyezichora alijua kuziozesha rangi ili zisigombane. Chukua kikwembe unachokipenda, ukihesabu: rangi gani imeshika mahali pakubwa? Ipi inafuata? Ipi ni kidogo tu, kama chumvi katika mboga? Hivyo ndivyo na nyumba inavyotaka: moja ya kutawala, moja ya kusaidia, na moja kali ya kutia ladha.

Lakini usiige kama kasuku. Katika kikwembe cha shangazi kahawia ndiyo iliyokuwa nyingi. Kama ningalipaka kahawia kuta zote, chumba kile chenye dirisha dogo kingalikuwa pango. Basi tulichukua manjano, tukaichanganya na nyeupe nyingi mpaka ikawa laini kama ndizi iliyomenywa, tukaipaka kuta. Kahawia tuliiweka chini tu, toka sakafuni hadi magotini, mahali ambapo tope na miguu ya watoto huchafua. Hata hilo si jambo jipya. Nilipokuwa mtoto, mama yangu alipaka nyumba yetu ya udongo hivyohivyo, udongo mweupe juu na mweusi chini. Kijani kikapata fremu ya dirisha na mlango, basi.

Jambo la pili nililijua katikati ya kazi. Nilipokuwa nimepaka manjano nusu ya ukuta, binti yangu aliingia akasema: "Baba, kwa nini unapaka na bluu?" Hakukuwa na bluu. Alikuwa akitazama kile kijivu cha zamani kilichobaki kando ya manjano, nacho kweli kilionekana kama bluu. Nikatazama tena na tena, nikashangaa. Baadaye nilisoma kwamba jambo hili lilimsumbua mtaalamu mmoja wa Ufaransa, jina lake Chevreul, aliyesimamia kazi ya kutia rangi katika kiwanda cha mazulia cha Gobelins, Paris. Watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda hazikuwa nyeusi barabara. Alipochunguza akakuta kwamba kosa halikuwa katika dawa ya rangi, bali katika jirani yake; rangi iliyo kando huibadili ile nyingine machoni petu. Mwaka 1839 aliandika kitabu kikubwa juu ya jambo hilo. Basi, rangi ni kama mtu: mtazame pamoja na jirani zake kabla ya kumhukumu. Usichague rangi ya ukuta bila kukumbuka pazia, kitanda na sakafu.

La tatu ni mwanga. Rangi inayopendeza Beni, penye jua la nguvu, yaweza kununa ikifika Butembo penye ukungu. Na taa nazo zina mambo yake. Balbu nyingi za sola hutoa mwanga mweupe wa baridi, na chini yake manjano hupoteza uchangamfu. Kwa hiyo msiamini rangi mliyoiona dukani. Pakeni kwanza kipande cha ubao, kisipungue ukubwa wa kitabu cha Misa. Kikauke kabisa, ndipo mkiegemeze ukutani, mkitazame asubuhi, adhuhuri, na usiku taa ikiwaka. Ubao mmoja utawaokoa na hasara ya ndoo nzima.

Mtu ataniuliza: "Na sisi tusio na fedha ya ndoo?" Jibu liko chini ya miguu yenu. Vilima vyetu vina udongo mwekundu, wa manjano na wa kahawia. Uchukue ulio safi, uukaushe, uusage, uchuje kwa kitambaa chembamba, kisha uuchanganye kidogo kidogo na maji ya chokaa. Udongo hauharibiwi na chokaa, wala haupauki upesi kwa jua. Jueni tu kwamba ikiwa mbichi huonekana nzito, ikikauka hufifia. Kwa hiyo jaribuni kwanza. Na watoto wawe mbali, maana chokaa huunguza macho. Wenye kununua rangi ya dukani nao waangalie. Rangi za mafuta nyingine, hasa za manjano na nyekundu zenye kung'aa sana, huenda zikawa na madini ya risasi, ambayo huharibu akili za watoto. Ulizeni ile iliyoandikwa kwamba haina risasi. Na rangi ya zamani inayobanduka msiikwangue ikiwa kavu na watoto wakiwa karibu. Iloweshwe maji kwanza, vumbi lisiruke.

Sisi Wakristo hatupaswi kushangaa kwamba rangi husema. Tukiingia kanisani na kuona zambarau, twajua ni wakati wa toba au wa kungoja, kabla padri hajafungua kinywa. Tukiona nyeupe, twajua ni sikukuu. Kama Kanisa haliweki rangi ovyo altareni, kwa nini sisi tuweke ovyo mahali anapolala mzee wetu au mtoto wetu?

Mtataka kujua mambo yaliishaje. Kazi ilipokwisha, shangazi aliingia, akagusa ukuta kwa kiganja, akatoka. Hakusema neno. Mke wangu alinitazama, nami nikadhani nimekosea tena. Lakini asubuhi ya pili tulipoamka, kigoda hakikuwa jikoni. Kilikuwa ndani, karibu na dirisha, naye ameketi juu yake akichambua maharage.

Sitaki kuwadanganya. Rangi haikumrudishia nyumba, wala shamba, wala majirani aliowazika. Usiku mwingine bado twamsikia akilia, na akiuliza habari za barabara ya Oicha macho yake hubadilika. Kuta haziwezi kuponya jambo lile. Lakini zaweza kuacha kumpiga kila alfajiri, na hilo lilikuwa ndani ya uwezo wangu.

Ndiyo sababu jirani akija kuniuliza apake rangi gani, simwonyeshi picha. Namwuliza: ni nani atakayelala humo? Nenda kamwulize anapenda kuona nini anapoamka. Kisha fungueni sanduku la nguo, tazameni nje ya dirisha, chagueni pamoja.

Na kile kijivu kilichobaki katika ndoo? Nilipaka banda la kuku. Mpaka leo hawajalalamika.