Wivu Si Upendo

Akina mama wenzetu, watoto wetu hawarithi mali tu, hurithi na hadithi. Nazo hadithi ni kama nguo za mtoto mkubwa: kabla hatujamvika mdogo wake, tunazikagua tuone pa kupunguza, pa kushona upya na pa kuacha palivyo.

Sisi akina mama watatu, tunaolea watoto wetu huku Marekani, tumelikuta jambo hili mahali tusipolitazamia: katika mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, ulioanza mwaka 1974. Mmoja huwa msimulizi, na wenzake kila mmoja hushika nafasi ya mtu ndani ya hadithi. Akitaka kutenda jambo gumu, hurusha dadu ya pande 20. Katika miaka ya 1980 wazazi na makanisa mengi ya hapa waliuogopa mchezo huu wakiuhusisha na uchawi. Kwa hiyo vijana wetu walipoanza kuucheza kila Jumamosi, tuliamua kukaa karibu na kusikiliza, kabla ya kuruhusu wala kukataza.

Hadithi waliyochagua inaitwa Ravenloft. Waliitunga mke na mume, Laura na Tracy Hickman, ikachapishwa mwaka 1983. Inamhusu Strahd, bwana wa ngome, aliyemtamani Tatyana, mchumba wa mdogo wake Sergei. Siku ya arusi Strahd alimwua ndugu yake. Tatyana akamkimbia, akajitupa kutoka ukutani mwa ngome. Tangu hapo Strahd ni mnyonya damu asiyekufa, na sasa anamwandama Ireena, msichana anayefanana na Tatyana.

Mwaka 2016 hadithi hiyo ilifufuliwa kwa wachezaji wa kizazi kipya katika kitabu cha Curse of Strahd. Katika maneno yake kitabuni humo, Tracy Hickman alisisitiza kwamba Strahd si mpenzi wa kuhurumiwa. Huzuni yake ni chambo tu. Onyo hilo liliachwa na makali yake.

Lakini mengine yalirekebishwa. Hadithini wamo Wavistani, watu wa kuhamahama, waliochorwa kwa dharau ambayo Waromani wa Ulaya wametupiwa kwa karne nyingi. Mwaka 2020 wachapishaji walilikubali jambo hilo, wakabadilisha maneno. Yumo pia Ezmerelda, mwanamke shujaa mwenye mguu wa bandia. Toleo la kwanza lilimfanya auficha mguu huo. Katika toleo lililorekebishwa hana haja ya kuuficha.

Jumamosi moja msichana mmoja pale mezani alisema, "Lakini Strahd anampenda kweli. Ana wivu tu."

Binti wa mmoja wetu ndiye aliyekuwa msimulizi. Hakubishana naye. Aliuliza tu, "Na Ireena mwenyewe anataka nini?"

Meza nzima ilinyamaza. Kwa majuma kadhaa walikuwa wakimlinda Ireena, wakimhamisha huku na huko kama mzigo, na hakuna aliyewahi kumwuliza. Kuanzia siku hiyo wakawa wanamwuliza.

Sisi tuliokuwa jikoni tulitazamana. Ni wangapi kati yetu tulioambiwa na somo au shangazi kwamba mume asiye na wivu hana mapenzi? Na ni wangapi tumekesha na dada aliyevimba uso, naye akirudia maneno yale yale ya msichana yule: "Ananipenda, ana wivu tu"?

Hatusemi kila nyumba iucheze mchezo huu. Hadithi hii inatisha, na ndani yake mna karata za kubashiri, ambazo mchezoni kazi yake ni kubadilisha mahali vitu vilipofichwa. Kila mzazi apime umri wa mtoto wake na dhamiri yake mwenyewe.

Tunalosema ni hili. Hadithi tunazowarithisha, ziwe za bibi au za kitabuni, tuzikague. Dharau kwa watu wengine tuing'oe. Onyo tuliache hata kama linatisha, maana binti ambaye hajasikia kamwe habari za chui aliyevaa ngozi ya kondoo atamtambuaje siku atakapokuja na posa? Kisha tumwulize swali lile, tena mapema, kabla barua ya posa haijafika: "Na wewe mwenyewe, mwanangu, unataka nini?"