Toka Malaba Hata Mlima wa Wakimbiaji

Busia ni miji miwili yenye jina moja, mmoja wa Kenya na mmoja wa Uganda. Malaba nayo ni vivyo hivyo. Mgeni afikapo huko huona kwanza safu ndefu ya malori yatokayo Mombasa yakingoja kuvuka. Tena ni pande hizi za mpakani zilizoipa Afrika ya Mashariki neno bodaboda, kwa kuwa waendesha baisikeli walikuwa wakiwavusha abiria toka kituo cha nchi moja hata cha nchi ya pili.

Nchi ya hapo haina mlima. Lakini mvua ikiisha na mawingu yakiondoka, mtu akiwa Malaba na kutazama kaskazini huuona mlima Elgon, mpana mno, wala hauna ncha kali kama ule wa Kenya. Maji ya mto Malaba hushuka toka mlima huo. Anayeufuata mpaka kwenda juu huyaacha malori na reli, hupita Lwakhakha, hupanda hata kilele cha Sudek, kisha hushuka ng'ambo kwa kuufuata mto Suam.

Huko juu mpaka una tabia nyingine. Wasabaot wa Kenya na Wasebei wa Uganda ni ndugu, na lugha zao hukaribiana sana. Stephen Kiprotich wa Kapchorwa, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mjini London mwaka 2012, alifanya mazoezi yake pande za Eldoret, na hakuna aliyeona ajabu. Mpaka haumzuii mkimbiaji. Humchagulia bendera tu.

Mlima wenyewe ndio mwalimu. Mbio za milimani si kama za barabarani. Anayepanda huishiwa pumzi, na anayeshuka huumia mapaja na magoti, maana kila hatua humbidi ajizuie asianguke, na huku mawe na mizizi vinamngoja. Wengi wajuao kupanda hushindwa katika kushuka. Mwaka 2017 Mganda Victor Kiplangat alishinda mbio za dunia za milimani huko Premana, Italia. Miaka sita baadaye akawa bingwa wa dunia wa marathoni mjini Budapest.

Novemba 2022 mashindano hayo yalifanyika Chiang Mai, Thailand, na katika mbio za kupanda na kushuka nishani ya dhahabu ya wanawake ilichukuliwa na Bibi Rebecca Cheptegei. Kwao ni Bukwo, Uganda. Hata hivyo alinunua kiwanja Endebess, upande wa Kenya, akajenga nyumba apate kuwa karibu na mahali pa mazoezi. Tarehe 11 Agosti 2024 aliikimbilia Uganda marathoni ya Olimpiki mjini Paris, akawa wa 44.

Majuma matatu baadaye, siku ya Jumapili, alipokuwa akirudi kutoka kanisani na watoto, mwanamume aliyewahi kuishi naye alimmwagia petroli akamtia moto. Iliarifiwa kuwa ugomvi ulikuwa juu ya kiwanja kile. Alifariki katika hospitali ya Eldoret tarehe 5 Septemba.

Hakuwa wa kwanza. Agnes Tirop aliuawa Iten Oktoba 2021, na Damaris Mutua aliuawa huko huko Aprili 2022. Mwanamke akimbiaye huleta fedha na ardhi nyumbani, na mara nyingi mali hiyo ndiyo imfanyiayo adui ndani ya mlango wake mwenyewe. Rafiki za Tirop waliunda chama kiitwacho Tirop's Angels, kiwasaidiacho wanariadha wanawake wateswao majumbani.

Mwili wa Bibi Cheptegei ulirudishwa Uganda. Alizikwa Bukwo tarehe 14 Septemba kwa heshima za kijeshi, maana alikuwa sajini katika jeshi la nchi yake, na wakimbiaji wa nchi zote mbili walisimama kaburini.